Mkono Uliopika na Kalamu Iliyoandika: Historia ya Mapishi ya Kifamilia Kusini mwa Marekani

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mapishi ya kifamilia katika majimbo ya Kusini mwa Marekani kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi mwishoni mwa karne ya 20. Hoja yake kuu ni kwamba mapenzi ya wapishi wa nyumbani kwa mapishi ya mabibi zao ni ya kweli, lakini rekodi iliyoyabeba mapenzi hayo ina kasoro ya msingi: ilimtambua aliyeandika na kumsahau aliyepika. Kasoro hiyo haikutokana na usahaulifu. Ilitokana na sheria, mgawanyo wa kazi na biashara. Makala inaonesha jinsi wapishi Weusi walivyorejesha majina yao katika maandishi, na inahitimisha kwa kubainisha mafunzo yanayozihusu taasisi za Afrika Mashariki ambazo sasa zinarekodi vyakula vya asili.

Maneno muhimu: mapishi ya kifamilia, Kusini mwa Marekani, utumwa, kazi za nyumbani, urithi usioshikika

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Kusini mwa Marekani, kutoka Virginia hadi Louisiana, hupatikana daftari au kisanduku cha kadi ambacho hakiwekwi pamoja na vitabu vingine, bali huwekwa karibu na jiko. Kurasa zake huwa na madoa ya mafuta. Humo huandikwa namna ya kuoka mkate wa mahindi katika kikaango cha chuma kizito, kuchemsha majani ya jamii ya sukuma wiki pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, au kukaanga kuku aliyelowekwa katika maziwa mtindi. Kando ya jina la chakula huandikwa jina la mtu: mkate wa bibi fulani, pai ya shangazi fulani. Ifikapo tarehe 1 Januari, familia nyingi, za Weusi na za Weupe, hupika kunde na mboga za majani kwa imani kwamba mlo huo huleta heri ya mwaka mzima.

Resipi, yaani maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa au yanayosimuliwa, ni hati ndogo sana ikilinganishwa na mkataba, sheria au barua ya kiongozi. Pengine ndiyo sababu wanahistoria walichelewa kuipa uzito. Hata hivyo, resipi ni hati inayotumika. Husomwa na watu wengi zaidi, hurudiwa kwa vizazi, na kila anayeitumia huamini kwamba anaungana na waliomtangulia. Kwa hiyo kosa lililomo katika hati hiyo nalo hurudiwa kwa vizazi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, vyakula vya Kusini si vigeni sana. Kunde, bamia, ufuta na mtama ni mazao ambayo Afrika iliyajua kabla ya safari za merikebu za watumwa. Mahindi, kwa upande wake, yalitoka Amerika yakaja kuwa chakula kikuu cha nchi zetu. Mazao yalivuka bahari pande zote mbili; ila watu waliosafirishwa kwa nguvu walikwenda upande mmoja. Swali linaloiongoza makala hii ni hili: pale resipi inapoitwa ya familia, ni familia ipi inayotajwa, na ni mkono wa nani uliopika?

2.0 Jiko la nje na sheria ya kalamu

Katika mashamba makubwa ya Kusini, jiko lilijengwa mbali kidogo na nyumba kuu. Sababu za wazi zilikuwa joto, moshi na hatari ya moto. Lakini umbali huo ulikuwa pia wa kijamii: waliofanya kazi jikoni walikuwa watumwa, na chakula kilibebwa kikapelekwa kwa wenye nyumba. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu karibu watu milioni 4 waliokuwa utumwani nchini Marekani. Mke wa mwenye shamba alishika funguo za ghala, alipima unga na sukari, na mara nyingi alisoma kwa sauti maelekezo kutoka daftarini. Aliyewasha moto, aliyejua lini mafuta yameiva, na aliyesahihisha maelekezo pale yalipokuwa na upungufu alikuwa mpishi mtumwa.

Mpishi huyo, katika sehemu kubwa ya Kusini, hakuruhusiwa kuandika alichokijua. Mwaka 1740, kufuatia uasi wa watumwa uliotokea Stono mwaka 1739, koloni la South Carolina lilipitisha sheria iliyokataza kumfundisha mtumwa kuandika. Katika karne ya 19 majimbo mengine ya Kusini yalitunga sheria zenye mwelekeo huohuo. Athari yake kwa historia ya chakula ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Maarifa ya upishi yaligawanywa mahali pawili: utendaji ulibaki mikononi na vinywani mwa watu waliozuiwa kalamu, na uandishi ukabaki kwa watu ambao wengi wao hawakupika.

Ni muhimu pia kutofautisha mlo uliopikwa na mlo ulioliwa na mpishi mwenyewe. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, alieleza katika tawasifu yake ya mwaka 1845 kwamba posho ya mwezi ya mtumwa mtu mzima ilikuwa ratili 8 za nyama ya nguruwe au samaki, pamoja na busheli 1 ya unga wa mahindi. Alieleza pia jinsi watoto walivyomiminiwa uji mzito wa mahindi katika hori na kuula kama mifugo. Kwa hiyo chini ya jina moja la upishi wa Kusini kulikuwa na majiko mawili: la karamu na la posho. Mpishi mmoja aliyafahamu yote mawili, na vyakula vingi vinavyopendwa leo vilizaliwa pale mbinu za jiko la kwanza zilipokutana na uhaba wa jiko la pili.

3.0 Ushahidi wa lugha na wa vyombo

Pale kalamu ilipozuiwa, lugha yenyewe ilihifadhi ushahidi. Gumbo, mchuzi mzito unaohesabiwa kuwa fahari ya Louisiana, ni neno ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, kingombo. Mtafiti wa Kiswahili atakitambua mara moja kiambishi ki- kilichoachwa njiani. Jina goober, linalotumika Kusini kwa maana ya karanga, hunasibishwa na nguba ya Kikongo na Kimbundu. Ufuta nao huitwa benne katika pwani ya South Carolina, neno lenye asili ya lugha za Afrika Magharibi. Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani Mweusi, alikusanya maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Kiafrika katika lugha ya Wagullah, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1949. Kabla ya kazi hiyo, wasomi wengi waliichukulia lugha ya Wagullah kuwa Kiingereza kilichoharibika.

Vyombo navyo vinasimulia. Katika mashamba ya mpunga ya South Carolina na Georgia, mchele ulikobolewa kwa kinu na mchi na kupepetwa kwa nyungo zilizosukwa kwa majani. Jamii za Wagullah zinaendelea kusuka vikapu vya aina hiyo hadi leo. Judith Carney, katika kitabu chake Black Rice cha mwaka 2001, alidai kwamba kilimo cha mpunga cha Carolina kilitegemea maarifa ya Waafrika Magharibi, hasa wanawake. Mwaka 2007 David Eltis, Philip Morgan na David Richardson waliipinga sehemu ya hoja hiyo kwa kutumia takwimu za safari za watumwa, wakisema kwamba mchango wa wapandaji wenye asili ya Ulaya na wa majaribio ya papo kwa papo haupaswi kupuuzwa. Mjadala huo haujafungwa. Lakini unahusu shamba. Kuhusu jiko, nani aliyekoboa, aliyepepeta na aliyepika si jambo lenye ubishi.

Haki inadai kuongeza kwamba upishi wa Kusini haukuwa na chimbuko moja. Wenyeji wa asili ya Amerika ndio waliofundisha matumizi ya mahindi, maboga na unga wa majani ya sasafrasi unaotiwa katika gumbo. Walowezi wa Ulaya walileta nguruwe, ngano na maziwa. Aidha, katika milima ya Appalachia familia nyingi maskini za Weupe hazikuwa na watumwa, na resipi zao zilitoka kwa mama na bibi waliopika wenyewe. Makala hii haidai kwamba kila daftari la Kusini lina mpishi aliyefichwa. Inadai kwamba pale alipokuwepo, rekodi ilikuwa na desturi ya kutomtaja.

4.0 Vitabu vya kwanza na majina yake

Mwaka 1824 Mary Randolph, mwanamke wa ukoo mashuhuri wa Virginia, alichapisha The Virginia House-Wife. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa msingi wa maandishi ya upishi wa Kusini. Ndani yake mna bamia kwa nyanya, gumbo, kunde na makaroni kwa jibini, chakula ambacho leo hakikosekani katika karamu za familia. Mwaka 1847 Sarah Rutledge wa Charleston alitoa The Carolina Housewife, kitabu chenye resipi nyingi za mchele na ambacho ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa yenye resipi ya Hoppin' John, yaani wali wa kunde kwa nyama ya nguruwe. Kitabu hicho hakikubeba jina la Rutledge. Kilisema tu kwamba mwandishi ni bibi wa Charleston. Ukimya huo ulikuwa adabu ya tabaka lake, na ulitibika kwa urahisi: familia ilijua, mji ulijua, na baadaye maktaba zilimwandika. Kimya kilichowafunika wapishi wa majiko ya Charleston hakikuwa na tiba hiyo.

Kisa cha James Hemings kinaonesha thamani ya maarifa yaliyokuwa yakifichwa. Mwaka 1784 Thomas Jefferson alipokwenda Ufaransa alimchukua Hemings, mtumwa wake, ili afunzwe upishi wa Kifaransa mjini Paris. Hemings aliporudi Marekani alikuwa miongoni mwa wapishi waliofuzu zaidi nchini. Mwaka 1793 Jefferson aliweka maandishi kwamba angemwachia huru baada ya kumfundisha mtu mwingine kazi hiyo. Hemings alimfundisha ndugu yake, Peter, ambaye aliendelea kuwa mtumwa, na mwaka 1796 akapata uhuru wake. Alifariki mwaka 1801. Miongoni mwa hati zilizobaki kwa mwandiko wake ni orodha ya vyombo vya jikoni aliyoiandika kabla ya kuondoka. Bei ya uhuru wake ilikuwa ni kuuacha ujuzi wake nyuma, mikononi mwa ndugu aliyebaki kifungoni.

5.0 Malinda Russell na Abby Fisher

Wanawake wawili Weusi wa karne ya 19 walifanikiwa kuweka majina yao juu ya majalada. Wa kwanza ni Malinda Russell, mzaliwa wa Tennessee aliyekuwa mtu huru. Katika ujana wake alikusudia kuhamia Liberia, lakini aliibiwa fedha zake njiani, akabaki Virginia akifanya kazi ya upishi. Baadaye aliendesha nyumba ya wageni na duka la keki huko Tennessee. Mwaka 1864, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, alivamiwa na genge lenye silaha lililompokonya akiba yake, akakimbilia Michigan. Mwaka 1866, huko Paw Paw, alichapisha A Domestic Cook Book kwa nia iliyo wazi ya kupata fedha za kurejea kwao.

Jambo la kuzingatia katika kitabu cha Russell ni kwamba alitaja alikojifunzia. Alimtaja kwa jina Fanny Steward, mpishi Mweusi wa Virginia, na pia alikiri kufuata utaratibu wa kitabu cha Virginia. Aliyekuwa na kila sababu ya kujinadi yeye peke yake alimtaja mwalimu wake katika kijitabu kifupi, jambo ambalo waandishi wenye nafasi na raslimali kubwa zaidi hawakulifanya. Kitabu chenyewe kilitoweka katika kumbukumbu kwa zaidi ya karne nzima, hadi nakala yake ilipotambuliwa na mtaalamu wa vitabu vya mapishi Jan Longone karibu na mwaka 2000.

Wa pili ni Abby Fisher. Alizaliwa utumwani South Carolina, akaishi Mobile, Alabama, kisha akahamia California. Huko achari na jamu zake zilitunukiwa stashahada katika maonesho ya Sacramento mwaka 1879 na nishani katika maonesho ya San Francisco mwaka 1880. Mwaka 1881 kilitoka kitabu chake, What Mrs. Fisher Knows About Old Southern Cooking, chenye resipi 160. Fisher alieleza katika dibaji kwamba yeye na mumewe hawakujua kusoma wala kuandika. Alisimulia, na kundi la wanawake wa San Francisco na Oakland likaandika.

Makosa ya waandishi hao ni hazina kwa mtafiti. Jambalaya, chakula cha wali cha Louisiana, kimeandikwa Jumberlie. Succotash, mchanganyiko wa mahindi na maharage wenye jina la asili ya wenyeji wa Amerika, umegeuka kuwa Circuit Hash. Waandishi hawakuvijua vyakula hivyo, waliandika walichokisikia. Katika pengo lililopo kati ya sauti ya Fisher na tahajia ya wasaidizi wake, msomaji anausikia mkono na kalamu vikitengana. Resipi ya mwisho kitabuni ni ya uji wa kumlisha mtoto mchanga, na Fisher anaithibitisha kwa ushahidi ambao hakuna kamati ingeweza kumpa: alizaa na kulea watoto 11.

6.0 Mapenzi bila ujira

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kumbukumbu ya mpishi Mweusi haikufutwa. Ilifanywa picha. Mwaka 1889 unga wa kuokea chapati laini za asubuhi ulianza kuuzwa kwa jina la Aunt Jemima, na mwaka 1893 Nancy Green, aliyezaliwa utumwani Kentucky, aliajiriwa kuuigiza uhusika huo katika maonesho makubwa ya Chicago. Jina hilo liliondolewa kwenye bidhaa mwaka 2021 tu. Mwaka 1923 Seneti ya Marekani iliidhinisha kujengwa mjini Washington kwa sanamu ya kumuenzi yaya Mweusi mwaminifu wa Kusini. Jumuiya za Weusi zilipinga vikali, na sanamu haikujengwa.

Heshima ya namna hiyo ilikwenda sambamba na kunyimwa haki. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani na wa mashambani. Sheria ya mwaka 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara nayo haikuwahusu wapishi wa nyumbani. Hifadhi ya jamii ilianza kuwafikia baadhi yao mwaka 1950, na kima cha chini cha mshahara mwaka 1974. Yaani mwanamke aliyeanza kupika katika nyumba ya watu mwaka 1935 akiwa na umri wa miaka 20 alifikisha karibu miaka 60 kabla sheria ya mshahara haijamtambua kuwa ni mfanyakazi. Katika muda huohuo, chakula chake kiliandikwa katika madaftari ya familia aliyoitumikia, na watoto wa familia hiyo wakakua wakikiita chakula cha nyumbani kwao.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya upendo na utambuzi. Hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba watoto hao walimpenda aliyewapikia. Wengi wanaandika kumbukumbu zao kwa huzuni ya kweli. Lakini upendo wa mlaji haukumpa mpishi pensheni, na mara nyingi haukumpa hata jina la ukoo. Katika vitabu vingi vya mapishi vilivyotolewa na vyama vya wanawake wa Kusini katikati ya karne ya 20, mchangiaji aliandikwa kwa jina la heshima la mumewe, na mpishi, kama alitajwa, alitajwa kwa jina moja tu, kama mtoto.

7.0 Kurejesha majina

Marejesho yalianza katika majiko yenyewe. Mwaka 1958 Baraza la Taifa la Wanawake Weusi lilitoa The Historical Cookbook of the American Negro, kilichohaririwa na Sue Bailey Thurman, ambamo resipi zilipangwa kwa kufuata kalenda ya tarehe za kihistoria. Mwaka 1970 Vertamae Smart-Grosvenor, mzaliwa wa South Carolina, alichapisha Vibration Cooking, akikataa mizani na vikombe vya kupimia na kutetea kisio la mkono. Mwaka 1976 Edna Lewis alitoa The Taste of Country Cooking kuhusu Freetown, kijiji cha Virginia kilichoanzishwa na watu walioachwa huru, akiwamo babu yake. Lewis aliandika milo kwa majira ya mwaka na kwa kazi za watu: kuvuna, kuchinja, kusherehekea siku ya ukombozi. Kwake resipi haikuwa mali ya nyumba moja, bali kumbukumbu ya kijiji chenye majina. Mwaka 2015 Toni Tipton-Martin, katika The Jemima Code, aliorodhesha na kufafanua vitabu vya mapishi vya Wamarekani Weusi vya takriban karne mbili. Dhana kwamba wapishi hao walipika kwa silika bila maarifa ikakosa pa kusimama.

Hata hivyo, kisa kimoja kinatahadharisha dhidi ya kudhani kwamba kutaja jina ni wema wakati wote. Katika mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, ulioanza Desemba 1955 na kudumu siku 381, Georgia Gilmore aliongoza kundi la wanawake waliopika na kuuza kuku wa kukaanga, keki na pai ili kuchangia usafiri wa waliogoma. Kundi lilijiita The Club from Nowhere, yaani klabu isiyotoka popote. Wengi wa wanawake hao waliwapikia Weupe majumbani. Kama majina yao yangejulikana wangepoteza kazi, hivyo alipoulizwa fedha zimetoka wapi, mpokeaji aliweza kujibu kwa ukweli kwamba hazikutoka popote. Gilmore mwenyewe alipoteza kazi yake baada ya kutoa ushahidi mahakamani mwaka 1956, akaligeuza jiko la nyumbani kwake kuwa mahali pa kulishia wanaharakati.

Wanawake hao walitumia kimya kilekile kilichowafunika mama zao, lakini safari hii walikichagua wenyewe. Tofauti kati ya kufichwa na kujificha ni tofauti ya nani anayeamua. Kwa mwanahistoria, hili linamaanisha kwamba swali la jina haliwezi kutenganishwa na swali la ridhaa.

8.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Historia hii ina maana ya moja kwa moja kwa nchi zetu. Mwaka 2021 juhudi za Kenya za kukuza vyakula vya asili na kulinda desturi zake ziliingizwa katika rejista ya UNESCO ya mifano bora ya kulinda urithi usioshikika. Vyuo, makumbusho na wizara katika kanda vimo katika kazi ya kuorodhesha vyakula. Orodha hizo zitakuwa hati za kesho, na kasoro zake zitarithiwa kama zilivyorithiwa za Charleston.

Katika upwa wa Afrika Mashariki, swali la mkono na kalamu lina uzito wake. Nyumba za kitajiri za Unguja katika karne ya 19 zilitegemea kazi za watumwa wa nyumbani, na hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sifa ya mapishi ya pwani husimuliwa kwa majina ya miji na makabila. Ni nadra kusimuliwa kwa kuuliza nani aliyekaa mekoni. Leo pia, katika miji yetu yote, chakula cha familia nyingi hupikwa na wasaidizi wa kazi za nyumbani waliotoka mikoani, ambao huleta mbinu za kwao na kuziacha katika nyumba za waajiri.

Kutokana na ushahidi uliojadiliwa, mambo matatu yanastahili kuzingatiwa na watunga sera. Kwanza, fomu za kurekodi vyakula vya asili zitenganishe nafasi ya mpishi, nafasi ya msimulizi na nafasi ya mwandishi, na ziulize mpishi alijifunza kwa nani, kama Malinda Russell alivyofanya kwa hiari yake. Pili, jina liandikwe kwa ridhaa, na anayeomba lisitajwe alindwe bila maarifa yake kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Tatu, sera ya urithi wa chakula isitengwe na sera ya kazi za nyumbani. Ni vigumu kuutangaza mlo kuwa tunu ya taifa huku aliyeupika hana mkataba.

Katika utekelezaji, lugha ya kurekodia nayo ina athari. Mkusanyaji anayeandika kwa lugha asiyoitumia mpishi yuko katika hatari ya kurudia Jumberlie na Circuit Hash. Kiswahili kina nafasi nzuri ya kuwa lugha ya daraja katika kanda, mradi istilahi za jikoni za lugha za jamii ziandikwe kama zinavyotamkwa na wenyewe kabla ya kufafanuliwa kwa Kiswahili.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mapishi ya kifamilia ya Kusini mwa Marekani ni zao la mkono uliopika na kalamu iliyoandika, na kwamba kwa muda mrefu viwili hivyo havikuwa vya mtu mmoja. Sheria ya mwaka 1740 ilivitenga, vitabu vya mwaka 1824 na 1847 vikarithi utengano huo, na sheria za kazi za miaka ya 1930 zikauendeleza kwa njia nyingine. Russell, Fisher, Lewis na wenzao waliviunganisha tena.

Kujua haya hakumlazimu mpishi wa leo kulitupa daftari la bibi yake. Kunamtaka alisome upya. Pengine kando ya jina la bibi patahitajika kuongezwa jina la pili, na pale ambapo jina halijulikani, paandikwe walau kwamba alikuwapo mtu. Mkate wa mahindi hautapungua ladha kwa nyongeza hiyo, na ukurasa utakuwa umesema kweli.